Ijumaa Ishirini na Sita kwa Siku Moja ya Geneva

Siku yangu moja ya kuuona mji wa Geneva ilinigharimu Ijumaa ishirini na sita. Nimezihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa kalenda, na jibu ni lile lile. Hapa Doha Ijumaa ndiyo siku yetu ya mapumziko: Ijumaa ishirini na sita bila ibada, bila kusukwa nywele, bila kukaa mtaani Muaither na watu wa kwetu tukila ugali na kuwasengenya waajiri. Nilizitoa zote mapema, kama mtu anayemlipa fundi kabla hata kitambaa hakijakatwa. Naandika haya kwa ajili yenu, wadogo zangu mnaolea watoto wa watu hapa Doha, hasa nyinyi ambao kila joto likianza mnaniuliza: "Anti Pamela, wanatupeleka Ulaya, kwenye ule mji wa ziwani. Kuna nini cha kuona?" Nitawaambia kuna nini. Nitawaambia pia nani anakiona.

Nimestaafu mwezi uliopita baada ya miaka kumi na tisa katika nyumba moja, Al Rayyan. Siku ya kwanza nilikuwa yaya na siku ya mwisho nilikuwa yaya, kwa hiyo habari za kupanda ngazi tuziache. Hata jina walinipunguzia. Kiarabu hakina herufi P, nami kwa miaka yote hiyo nikaitwa Bamela.

Nilitoka soko la Kibuye, Kisumu, ambako nilikuwa nauza mitumba ya watoto, nikidhani hakuna mtu duniani anayeweza kunipunja. Aliyenipokea mlango wa jikoni alikuwa mpishi, mama wa Jinja, Uganda, aliyeitwa Agnes. Alinitangulia kwa umri na kwa miaka ya kazi, basi nikamwita Anti. Hakuniuliza safari ilikuwaje. Alitazama miguu yangu, akaniita nyabo, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, hivyo viatu vitakuua. Hapa ni marumaru toka mlango hadi mlango."

Akanipa kandambili zake za zamani, na kabla sijazivaa vizuri akaanza somo. "Watoto wa hii nyumba unahesabu vichwa, halafu unahesabu viatu."

"Kwa nini viatu, Anti?"

"Kichwa kinajificha nyuma ya abaya ya mama yake, unafikiri umekiona. Kiatu lazima kikanyage chini. Ukiwa na vichwa vitatu na viatu vitano, mmoja hayuko sawa."

Nimefanya kazi miaka kumi na tisa na sijapata elimu kubwa kuliko hiyo. Wakati huo kichwa kilikuwa kimoja tu, cha Dana, msichana wa miaka mitatu, ambaye aliniuma mkono siku ile ile na usiku akakataa kulala mpaka nishike kidole chake. Mwaka uliofuata wakaja pacha wawili wa kiume, na kuhesabu kukaanza rasmi.

Kifaa cha kwanza cha kazi yetu ni mkoba. Nunueni mkubwa, wenye kamba ya kupita begani, mikono ibaki mitupu. Ndani yake muwe na soksi za akiba, pini, plasta, tende, chupa mbili za maji, pampasi mbili zaidi ya mnazodhani zinatosha, na mfuko wa plastiki wa kutapikia. Mabibi wanapenda mkoba mdogo mzuri unaoendana na kigari cha mtoto. Waacheni wapende.

Safari ya Geneva ilianza kwa kufunga masanduku, na hiyo peke yake ni kazi ya wiki nzima. Familia inakwenda Ulaya kubadilisha hewa lakini haitaki kubadilisha chakula, kwa hivyo mimi na Anti Agnes tulipakia mchele, ndimu kavu, iliki, buli, ubani na chetezo chake. Uwanja wa ndege wa kule, afisa wa forodha alifungua sanduku moja, akanusa, akalifunga polepole kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Pasi zetu za kusafiria zilikuwa kwenye mkoba wa Madam, bibi wa nyumba. Zilisafiri vizuri kuliko sisi, daraja la mbele.

Sasa, mji wenyewe. Mimi ni mtu wa Kisumu, ziwa si kitu cha kunitoa macho. Lakini nakiri lile ni safi, unaona mawe chini, na hakuna gugu maji hata la kuonjesha. Katikati kuna chemchemi inayorusha maji juu kupita ghorofa yoyote ya Kisumu. Wageni wanaipiga picha. Yaya anatazama upepo unakotoka, kwa sababu ukigeuka kidogo maji yote yanakuja kwenye kigari, na kule mtoto aliyelowa anashikwa na mafua hata Julai. Kuna bustani yenye saa kubwa iliyopandwa maua. Ni nzuri, na mtoto ataing'oa namba tano usipomshika. Kuna bata maji weupe, wa kifahari, shingo kama herufi ya kigeni. Wanauma. Mji wa kale uko mlimani, una kanisa kubwa na benchi la mbao refu ajabu, lakini njia zake ni za mawe ya kukanyaga, na magurudumu mawili ya kigari yalibaki huko. Kuna vimashua vya manjano vinavyovusha watu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na wageni wa hoteli wanapewa kadi ya kuvipanda bure. Kadi yangu niliiona mapokezi, ikitoka kwa mhudumu ikiingia kwenye mkoba wa Madam, kwenda kuishi na pasi yangu.

Jumapili maduka yote yanafungwa, basi mabibi wa Doha wanazunguka hotelini kama watu waliopotelewa. Hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote, jiandaeni. Na jua la kiangazi halizami mpaka saa tatu usiku. Unamwambia mtoto ni wakati wa kulala, anakufungulia pazia. Dana aliwahi kuniambia, "Bamela, mwambie jua kwanza." Nikalifunga pazia kwa pini za mkobani.

Kitu nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja. Pale gatini zinaegeshwa meli za zamani, nyeupe, zenye magurudumu makubwa ubavuni yanayopiga maji, zinazokwenda kwa mvuke. Zinaondoka asubuhi, zinatembelea miji midogo ya ukingoni, zinarudi jioni. Katikati ya meli kuna uwazi, ukisimama pale unaiona mashine yote chini yako, vyuma vinang'aa, vinapanda na kushuka. Niliyasoma haya kwenye tangazo lenye picha nikisukuma kigari, nikasimama hadi pacha mmoja akaanza kulia.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za Ziwa Victoria, Kisumu mpaka Mwanza, hadi safari zilipokufa na meli zikabaki zinaota kutu bandarini. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kushuka chini kuitazama kazi yake. Abiria wanatazama maji. Nilipompigia simu kumwambia kuna meli ambazo watu wanalipa ili waione mashine, alinifanya nirudie mara mbili.

"Inaonekana kabisa?" akauliza.

"Picha inaonyesha hivyo, Baba."

"Usiniletee picha. Simama pale, utazame, uje unieleze inavyopumua. Nitajua ni ya aina gani."

Hilo ndilo lilikuwa jambo langu. Sikutaka chokoleti, sikutaka saa. Nilitaka kusimama mahali pamoja bila kushika mkono wa mtu yeyote, nitazame vyuma, nikamweleze mzee.

Miaka kadhaa, kila kiangazi tulipokwenda kule, nilingojea iangukie tu, kwa bahati, kama mvua. Haikuanguka. Mwishowe mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, nikaamua kupatana bei. Nilimngoja Madam amalize chai ya pili, kwa sababu mtu mwenye kiu hapatani vizuri.

"Madam, nataka siku moja Geneva. Nzima, asubuhi mpaka jioni."

"Siku ya nini, Bamela? Unaumwa?"

"Siku yangu. Nipande meli."

"Lakini kule sisi sote tuko mapumzikoni!"

"Nyinyi mko mapumzikoni, Madam. Mimi niko Geneva."

Alicheka sana, akampigia dada yake simu kumrudia maneno hayo. Nikaona soko limechangamka. Nikatoa bei: nitafanya kazi Ijumaa moja kila mwezi. Akasema Ijumaa ndipo ukoo wote unakuja kula kwao, wajukuu wanajaa, moja kwa mwezi haimsaidii. Nikapanda hadi mbili. Akapangusa mdomo, akasema, "Zote, mpaka shule zifungwe. Nami wallahi, siku yako ni yako." Akaweka mkono kifuani. Nikakubali. Madam hakuwa mtu mbaya, na neno la kifuani alikuwa halivunji. Mkumbuke hilo, kwa sababu hata hili hakulivunja.

Nilirudi jikoni nikitembea kama mtu aliyeuza gunia zima. Anti Agnes alikuwa anakata vitunguu.

"Umeuza bei gani?"

"Ijumaa zote mpaka shule zifungwe."

"Banange! Na hiyo siku, watoto nani anashika?"

"Madam ataona."

"Madam ataona," akarudia, akaweka kisu chini. "Madam hajaona mpaka leo chumvi inakaa wapi. Nyabo, umenunua siku. Mtu wa kushika watoto hujanunua. Siku bila mtu ni nini sasa?"

Nilidhani ni vitunguu vinamsemesha. Kibuye ukinunua suruali hupewi suruali bila miguu, na mimi mwenyewe niliyepima nguo za watoto wa Kisumu nzima sikukagua mshono huo mmoja. Nikaanza kulipa. Ijumaa moja baada ya nyingine nilisimama kwenye ua uliojaa binamu, nikihesabu vichwa na viatu, wakati Anti Agnes anatoka peke yake na gauni lake la ibada. Jioni alirudi na kipande cha chapati kwenye karatasi, ananiambia nani ameolewa, nani amehamishiwa Industrial Area kupikia kambi nzima ya wafanyakazi, nani ameniulizia. Baadaye akawa anarudi na chapati bila salamu. Watu walikuwa wameacha kuniulizia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mbingu wazi, mlima wa theluji unaonekana mpaka mikunjo yake. Nilivaa gauni la buluu na viatu vya kisigino kifupi, viatu vya mtu asiyekimbiza mtu. Usiku uliotangulia dada wawili wa Madam walikuwa wamewasili kutoka Doha na watoto wao, maana Agosti nusu ya Doha iko Geneva na wote wanajua ni nani yuko hoteli gani. Nilikuwa nimefika mlangoni.

"Bamela, Dana anataka kwenda nawe," Madam akasema. "Dana peke yake. Msichana wa miaka tisa, hana shida."

"Madam, tulisema siku yangu."

"Ni yako! Nani amekataa? Yeye ni rafiki tu."

Pacha wakasikia, wakaanza kupiga kelele. "Sasa utamchukua dada yao, uwaache wao walie?" Madam akaniuliza. Dada mkubwa wa Madam akatoa kichwa chumbani: "Kama wanakwenda watatu, habibti, wangu wanne watakufa kwa wivu." Dada mdogo hakusema kitu, alileta tu wawili wake wakiwa tayari wamevishwa kofia. Nikahesabu. Tisa. Nikahesabu tena, labda nimekosea. Tisa.

Anti Agnes, ambaye hata Ulaya alikuja kupika, alitoka kwenye jiko dogo la vyumba vyetu vya hoteli, magoti yamevimba kwa kusimama, ana upawa mkononi. "Madam, nibakishieni wadogo wawili. Nitawaweka hapa kwenye meza."

"Agnes, wali ni wa watu kumi na watano. Utawatia kwenye sufuria?"

"Madam," nikasema, na nilikuwa nimebakiza heshima kidogo sana, "hii si siku yangu tena."

"Kwa nini? Unakwenda kwenye meli yako! Tena tiketi zote nalipa mimi. Daraja la kwanza!"

Wadogo zangu, daraja la kwanza ni juu. Mashine iko chini. Nilikaa ghorofa ya juu ya meli niliyoiota miaka mitano, na watoto tisa, kila mmoja ana aiskrimu, na pembeni yangu ukingo wa chuma ambao mtoto wa miaka mitano anaupanda kwa hatua mbili. Miji midogo ilipita, nasikia ina mashamba ya mizabibu na ngome ya mawe. Sikuiona. Niliona viatu kumi na vinane. Kila meli ilipotikisika nilihesabu. Mzee mmoja wa kizungu alinitazama akaniambia jambo kwa Kifaransa, kwa uso wa huruma, nadhani alifikiri wote ni wangu.

Saa za alasiri Dana alinijia, akakaa karibu nami. Alikuwa amenisikia nikiongea na baba yangu kwa simu miaka yote hiyo, na Kiswahili alikuwa amekiokota kwangu kama kuku anavyookota mtama.

"Bamela, nenda uone mashine ya babu. Mimi nitahesabu."

"Utaweza?"

"Vichwa, halafu viatu."

Nikashuka. Ngazi ilikuwa ya shaba, joto likapanda kunipokea, nikanusa mafuta ya mashine, harufu ya shati la baba yangu. Nikafika kwenye uwazi. Chuma kimoja kirefu, kinene kama paja, kilikuwa kinasukumwa mbele, kinang'aa, kinaanza kurudi—

"Bamela! Nane! Ni nane!"

Nilipanda ngazi ile bila kiatu kimoja. Aliyekosekana alikuwa wa dada mdogo. Tulimpata chooni, amejifungia ndani na aiskrimu ya mwenziwe. Nilipompata nilimkumbatia, kisha nikakaa sakafuni mlangoni mwa choo cha daraja la kwanza mpaka meli ikafunga gati.

Jioni ile nilimwambia Madam kwamba siku yangu bado naidai. Hakukasirika. Alishangaa kwa kweli.

"Lakini ulipanda meli?"

"Nilipanda."

"Uliona mlima?"

"Nilihesabu watoto, Madam. Hiyo ni kazi."

"Watoto walifurahi sana," akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Kwake lilikuwa jibu. Mkono wa kifuani haukuwa umevunja kitu: nilipewa siku, nilipewa meli, na tiketi ya juu zaidi. Miaka mingi baadaye aliwasimulia wageni jinsi walivyompa yaya wao siku nzima ya kutembea ziwani. Mimi ndiye niliyekuwa napitisha kahawa.

Baba nilimpigia Ijumaa. "Ilikuwa inapumuaje?" akauliza.

"Niliona chuma kimoja, Baba. Kilienda mbele. Kurudi sikukiona."

Akafikiri. "Kimelala au kimesimama?"

"Kimelala, kimeinama kidogo."

"Basi," akasema. "Basi hiyo naijua. Mwaka ujao utakiona kikirudi."

Mwaka uliofuata familia ilikwenda London. Uliofuata, Bibi mzaa Madam aliugua. Kisha Ramadhani ikaingia kwenye miezi ya joto, na nani atafunga huko ambako jua linagoma kuzama? Wakabaki Doha, na baba yangu akafariki Machi mmoja bila kusikia sehemu ya pili. Kwa haki niseme, Madam alinitafutia ruhusa ya kutoka nchini ndani ya siku mbili, nikamzika. Anti Agnes alirudi Jinja na magoti yake. Siku anaondoka nilimvua kandambili, nikamvisha viatu vipya vya raba. Akaangalia soli. "Vinateleza," akasema, tukaagana hivyo.

Mambo mengine ya kazi mnayajua: homa, mitihani, harusi. Harusi ya Dana nilishika mkia wa gauni lake kutoka gari hadi ukumbini.

Sasa niko Muaither, chumba cha binamu yangu, masanduku yamefungwa, tiketi ya Kisumu inasubiri tarehe. Jumamosi iliyopita Dana alikuja mwenyewe, akapanda ngazi zetu zisizo na taa na mtoto wake wa miezi mitano. Binamu yangu alikimbia kutafuta kiti cha maana, hakuna. Dana akakaa kitandani.

"Bamela, twende Geneva Julai. Wewe ni mgeni. Chumba chako mwenyewe, pasi yako mkononi mwako. Utashinda kwenye ile mashine siku nzima ukitaka. Sijasahau."

"Na nani mwingine anakwenda?"

"Mume wangu, mimi, mtoto. Na wewe." Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amelala mikononi mwangu, sijui alifikaje hapo. "Yaya mpya hataki kusafiri. Lakini usiwe na wasiwasi, kwako analala tu. Si unaona?"

Namjua Dana. Hadanganyi, haoni tu, kama mama yake ambaye hakuona. Nilikuwa na maneno yote tayari ulimini, maneno ya Kibuye: saa ngapi hadi saa ngapi, nani anamshika, andika jina lake. Badala yake nikajisikia nauliza, "Ananyonya bado, au ni chupa?"

Anataka jibu Alhamisi, kwa ajili ya viza. Najua wengi wenu mmelea watoto wakakua, wakarudi kuwatafuta. Kwa mama yake nilijua kupatana, hata niliposhindwa nilijua nashindwa wapi. Huyu nilimlaza kwa kidole changu, na akija na bei nashindwa hata kusema ni kubwa. Nishaurini, tena msiniandikie "Mungu atakuongoza", hilo ninalo tayari. Mnamwambiaje hapana mtoto mliyemfundisha wenyewe kusema tafadhali?